Denis Burkitt: Mpasuaji aliyetanguliza dawa mbele ya kisu

MSAFIRI anayetoka mjini Kisumu kuelekea Kakamega, akifika Mamboleo huwa bado yumo katika joto la Ziwa Victoria. Lakini akitupa macho upande wa mashariki anaiona milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Safari fupi ya gari yatosha kumtoa katika nchi ya mbu, mpunga na miwa na kumfikisha katika nchi ya baridi na majani chai.

Kwa watu wengi hiyo ni tofauti ya hali ya hewa tu. Kwa hayati Denis Parsons Burkitt, daktari mpasuaji wa Ayalandi aliyekuwa na jicho moja, tofauti ya namna hiyo ilikuwa ufunguo wa fumbo kubwa. Huko chini, kando ya ziwa, watoto walikuwa wakivimba mataya na kufa katika muda wa miezi michache. Huko juu milimani, ugonjwa huo ulikuwa nadra mno.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu Burkitt aiage dunia, lakini jina lake lingali linatajwa katika wodi za watoto za Kisumu, Kampala na Mwanza, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulipewa jina lake: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembechembe za kinga za mwili.

Hata hivyo, kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo halisimuliwi sana. Burkitt alisomea kazi ya kisu na aliishi kwa kisu, lakini ndiye aliyekuwa miongoni mwa wapasuaji wa kwanza duniani kukiri kwa matendo kwamba kuna uvimbe ambao kisu hakiuwezi, na kwamba dawa yapasa kutangulia.

Leo mgonjwa wa saratani ya tumbo ambayo imekomaa lakini haijasambaa mbali huambiwa na madaktari kuwa atapewa dawa kwanza na kupasuliwa baadaye. Wengi hushangaa na wengine huogopa, wakidhani wanacheleweshwa. Maisha ya Burkitt yanasaidia kueleza fikra hiyo ilivyopata nguvu, na mchango wa watoto wa Afrika Mashariki katika kuithibitisha.

Mtoto wa mhandisi

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, jimbo la Fermanagh, kaskazini mwa Ayalandi. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo hilo, lakini umaarufu wake ulitokana na ndege. Aliwafunga ndege wadogo pete miguuni, kisha akachora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi na kujilisha. Mwana alikuja kurithi tabia hiyo ya ramani, ingawa yeye hakufuatilia ndege bali maradhi.

Mnamo mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na mtoto mwenzake lilivunja miwani yake na kumpofusha jicho la kulia. Ulemavu huo ulimwandama baadaye kila alipoomba kazi.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana kabla ya kubadili nia na kuingia katika udaktari, akiongozwa na imani yake ya Kikristo, ambayo aliishika kwa dhati mpaka mwisho wa uhai wake. Alifuzu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh.

Jina la Burkitt halikuwa geni Afrika Mashariki. Amu yake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa kujitegemea mjini Nairobi. Denis naye alitamani Afrika, lakini ombi lake la kwanza katika utumishi wa makoloni lilikataliwa kwa sababu ya jicho lile lililopofuka.

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyomfungulia mlango. Alijiunga na jeshi la Uingereza kama daktari mwaka 1941, akamwoa Olive Rogers mwaka 1943, na kisha akatumikia Kenya, Somalia na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mara hii akakubaliwa na kupelekwa Uganda mwaka 1946.

Ramani ya mabusha

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa daktari wa eneo kubwa lenye watu wengi, na kazi iliyomjia kwa wingi ilikuwa ya kupasua mabusha.

Daktari mwingine angepasua tu na kumwita mgonjwa anayefuata. Burkitt aliuliza kila mtu anatoka wapi. Aligundua kwamba mashariki mwa wilaya ile karibu wanaume 30 katika kila 100 walikuwa na mabusha, ilhali magharibi yake alikuwapo karibu mmoja tu katika 100. Alichora ramani na kuichapisha mwaka 1951. Tofauti ile ilitokana na minyoo inayoenezwa na mbu.

Hilo lilikuwa somo lililomwingia moyoni: kwamba kumjua mgonjwa hakutoshi, ni lazima ujue pia anakotoka. Mwaka 1948 alikuwa tayari amehamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, na ni hapo alipokutana na ugonjwa uliobadilisha maisha yake.

Mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita katika wodi ya watoto kumwona mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika kwa uvimbe pande zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea, yakielea ndani ya nyama.

Burkitt alitatizika. Usaha wa jino hauvimbishi taya mahali pane kwa wakati mmoja. Saratani nayo kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Mtoto yule alifariki bila jibu kupatikana.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja, mji ulio kwenye chanzo cha Mto Naili kando ya Ziwa Victoria. Akiwa hospitalini aliona kupitia dirishani mtoto aliyeketi na mamaye nje, uso umevimba kwa namna ile ile. Alipompima aliona kwamba alikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Mtoto na mama walichukuliwa hadi Mulago.

Kuanzia hapo Burkitt alifukua kumbukumbu za hospitali. Alikuta kwamba watoto wengi walioandikiwa saratani za figo, ini, ovari au mataya walikuwa na uvimbe sehemu zaidi ya moja. Alianza kushuku kwamba magonjwa yale yaliyopewa majina mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja tu. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza katika jarida la wapasuaji la Uingereza, akieleza habari za watoto 38.

Ni haki kusema kwamba hakuwa mtu wa kwanza kuuona. Nusu karne kabla yake, Dkt Albert Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo, Kampala, alikwisha kuchora na kuandika juu ya watoto wenye mataya ya namna hiyo. Aidha, wataalamu wa maabara wa Kampala, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, ndio waliobainisha kwamba uvimbe huo ni limfoma, na kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizofika kwao zilikuwa za aina hiyo. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuunganisha vipande vilivyotawanyika.

Safari ya maili 10,000

Swali lililofuata lilikuwa lile la Lango: wanatoka wapi? Serikali ilimpa takriban pauni 25 za kuanzia. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama waliwahi kuona kitu cha namna hiyo. Kila jibu lililofika alilitia alama kwenye ramani ukutani.

Alama zikajipanga. Zilifanya mkanda mpana unaokata katikati ya Afrika, takriban nyuzi 15 kaskazini na nyuzi 15 kusini mwa Ikweta, ukiwa na mkia unaoteremka kwenye pwani ya Msumbiji.

Burkitt alitaka kuiona mipaka ya mkanda huo kwa macho yake. Oktoba 7, 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams aliyekuwa Kuluva karibu na Arua, na Clifford Nelson. Walisafiri katika gari kuukuu la aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Katika wiki kumi walipita maili 10,000 na kutembelea hospitali zipatazo 60 mpaka Afrika Kusini. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700.

Walichokikuta ni kwamba karibu na Ikweta ugonjwa ulitoweka mtu akipanda zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini, kimo hicho kilishuka. Kwa hiyo kilichoamua hakikuwa kimo chenyewe bali joto: ugonjwa haukuonekana mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi, wala mahali penye ukame.

Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu wa Entebbe, aliitazama ramani hiyo na kuona kwamba inafanana na ramani za magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Wengine walitaja malaria. Visiwa vya Zanzibar na Pemba, ambako vita dhidi ya mbu vilikuwa vimepunguza malaria, vilikuwa na wagonjwa wachache licha ya joto na mvua zake.

Kisumu iko kwenye kimo cha takriban futi 3,700. Kapsabet, makao makuu ya Nandi, inapita futi 6,000. Mpaka ambao Burkitt aliufuata kwa maili 10,000 unapita baina ya miji hiyo miwili.

Kisu kinashindwa

Wakati ramani ikichorwa, watoto walikuwa wakifa. Hapa ndipo Burkitt mpasuaji alipokutana na mtihani wake mkubwa.

Mwanzoni alifanya alilofundishwa: kukata. Lakini kuondoa taya la mtoto kulimharibu uso, na uvimbe ulirudi katika siku chache. Tena watoto wengi walikuwa na uvimbe sehemu nyingi. Ukikata tayani, umeacha figoni. Mionzi haikuwapo Uganda. Mpasuaji alikuwa hana la kufanya.

Mwaka 1960 madaktari wa Marekani, akiwamo Joseph Burchenal wa hospitali ya saratani ya Sloan-Kettering mjini New York, walianza kushirikiana na wenzao wa Nairobi na Kampala kuzijaribu dawa mpya. Nairobi, mpasuaji wa koo na masikio Peter Clifford alikuwa akizitumia kwa wagonjwa wake. Burkitt naye akaanza Mulago, kwa dawa za methotreksati, saiklofosfamaidi na vinkristini.

Matokeo yalishangaza. Uvimbe uliofunika jicho ulinywea katika siku chache. Mtoto aliyeshindwa kula aliomba chakula. Baadhi yao walipewa dozi moja au mbili tu, kisha wazazi wakaondoka nao kwa sababu shamba lilingoja na nauli ilikwisha. Miaka mingi baadaye baadhi ya watoto hao walipatikana wakiwa wazima. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha habari zao, na wataalamu wa nchi tajiri walisoma kwa mshangao, maana wakati ule wengi hawakuamini kwamba uvimbe mgumu wa saratani unaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Sababu inajulikana sasa. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Dawa hizi hushambulia chembe wakati zinapojigawa. Chembe inayojigawa mbiombio ndiyo inayonaswa kwa urahisi.

Lakini kasi hiyo ina hatari yake. Chembe nyingi zikifa kwa pamoja, takataka zake humiminika katika damu na kuweza kuziba figo. Ndiyo sababu mtoto hutiliwa maji mengi mshipani kabla na wakati wa tiba. Ilidhihirika pia kwamba ugonjwa hujificha katika ubongo na uti wa mgongo na kurudi kutokea huko, hivyo dawa ikabidi idungwe mgongoni pia.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, chini ya daktari kijana John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wageni walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliishika taasisi hiyo na kuiendesha katika miaka migumu.

Kisu nacho hakikutupwa kabisa. Mwaka 1974 watafiti wa Kampala walionyesha kwamba kwa baadhi ya watoto wenye uvimbe mkubwa tumboni, kuupunguza kwa upasuaji kabla ya dawa kulisaidia. Hivyo, badala ya kuuliza kisu au dawa, madaktari walianza kuuliza kipi kitangulie, kwa mgonjwa yupi.

Virusi katika chupa

Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa London kwa likizo na akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikwisha kuamua kuacha utafiti mwingine wote.

Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa takriban miaka miwili hakuna kilichoonekana. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kipande kilifika kimechelewa, maji yake yamekuwa meupe kama yaliyooza. Kumbe ulikuwa wingu la chembe hai za saratani. Kutokana na chembe hizo Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walivikuta virusi ambavyo havikuwahi kuonekana. Walivitangaza Machi 1964. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini virusi hivyo vimo katika watu wazima zaidi ya 90 kati ya kila 100 duniani kote. Kwa nini basi watoto wa Kisumu na wasiwe wa Dublin?

Jibu linarudi kwenye ramani. Watafiti waliofanya kazi na taasisi ya Kemri katika eneo la Kisumu waliwalinganisha watoto wachanga wa kando ya ziwa na wale wa milima ya Nandi. Wale wa ziwani walipatwa na virusi hivyo mapema zaidi. Malaria ya mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto na kuzichochea chembe zilizobeba virusi ziongezeke, hadi moja ikapata hitilafu katika vinasaba vyake na kuanza kukua bila kizuizi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya Kenya nzima ulionyesha kwamba ugonjwa huu ni mwingi zaidi katika maeneo yenye malaria ya kudumu, hasa Nyanza, Magharibi na Pwani. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka malaria kali ya maeneo hayo katika orodha ya mambo ambayo yamkini husababisha saratani.

Kwa hiyo chandarua, na chanjo ya malaria ambayo Kenya iliizindua Homa Bay mnamo Septemba 2019, huenda vikawa pia silaha dhidi ya saratani ya watoto.

Dawa kabla ya kisu kwa saratani ya tumbo

Saratani ya tumbo si limfoma ya Burkitt. Hukua polepole zaidi, huwapata zaidi watu wazima, na dawa peke yake haziiponyi. Kisu bado ni nguzo. Lakini fikra iliyokuwa ngeni enzi za Burkitt, kwamba mpasuaji asubiri dawa ifanye kazi kwanza, sasa ndiyo utaratibu wa kawaida kwa wagonjwa wengi ambao saratani yao imepenya ukuta wa tumbo au kufika kwenye tezi za jirani bila kusambaa mbali.

Ushahidi mkubwa ulitolewa mwaka 2006 kutoka Uingereza. Wagonjwa 503 waligawanywa mafungu mawili: wengine walipasuliwa tu, wengine walipewa mizunguko mitatu ya dawa kabla ya upasuaji na mitatu baadaye. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai walikuwa 36 katika kila 100 miongoni mwa waliopewa dawa, dhidi ya 23 miongoni mwa waliopasuliwa pekee.

Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walieleza matokeo ya mchanganyiko mpya wa dawa nne, unaotolewa mizunguko minne kabla ya upasuaji na minne baadaye, kwa wagonjwa 716. Nusu ya waliopewa mchanganyiko huo waliishi zaidi ya miezi 50, ikilinganishwa na miezi 35 kwa waliopewa dawa za awali.

Sababu za kutanguliza dawa ni tatu. Kwanza, uvimbe hupungua na kuwa rahisi kuondolewa wote. Pili, mbegu za saratani zilizokwisha kutoroka bila kuonekana hushambuliwa mapema. Tatu, mgonjwa huwa bado ana nguvu. Baada ya kuondolewa tumbo wengi hudhoofika. Katika utafiti ule wa mwaka 2006, chini ya nusu ya waliopangiwa dawa waliweza kumaliza mizunguko yote sita.

Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa aanze dawa asidhani ametupwa. Ila asikae nyumbani akijiona mzima kwa sababu maumivu yamepungua, akaacha kurudi kwa upasuaji. Mpangilio huu una faida pale tu unapokamilishwa.

Unga na nyuzinyuzi

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kurejea London. Umri wake ulikuwa miaka 55, na wengi wangetosheka na heshima aliyopata. Yeye alianza tena.

Aliona kwamba magonjwa aliyoyakuta Uingereza kila siku, kama vile saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, hakuyaona kwa wingi katika miaka 20 ya kupasua Waafrika. Akishirikiana na Trowell na kufuata mawazo ya daktari wa jeshi la majini Peter Cleave, aliziandikia hospitali za misheni akiomba hesabu za kila mwezi. Hakuona haya kupima hata uzito wa choo cha watu wa vijijini na kukilinganisha na cha wanafunzi wa Uingereza.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba unga mweupe uliokobolewa umewanyima Wazungu nyuzinyuzi. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya jambo hilo kilisomwa na watu wengi duniani. Kwa lugha ya nyumbani, alikuwa akiusifu ugali wa mtama na wimbi, maharage, mrenda na mnavu.

Wapo waliomkosoa kwamba alibebesha nyuzinyuzi mzigo wa maradhi mengi mno. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999 haukuona kinga dhidi ya saratani ya utumbo, lakini mwingine wa Ulaya wa mwaka 2003 uliiona. Kwa jumla, ushauri wa kula nafaka zisizokobolewa umebaki imara, nao unawahusu wakazi wa Kisumu ya leo waliohamia mkate mweupe na chipsi.

Kifo na urithi

Mwaka 1972 alichaguliwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha wanasayansi cha Uingereza na kupewa tuzo ya Lasker ya Marekani pamoja na wenzake waliothibitisha tiba ya saratani kwa dawa. Alifariki Machi 23, 1993 mjini Gloucester, Uingereza, baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 82.

Sifa zake ziwekwe kwenye mizani ya haki. Alifanya kazi chini ya serikali ya kikoloni, na sayansi iliyompa jina ilijengwa juu ya miili ya watoto ambao majina yao hayamo katika tuzo yoyote, na juu ya subira ya mama zao waliokuja kwa miguu wakiwa wamewabeba mgongoni. Deni hilo bado halijalipwa.

Halijalipwa kwa sababu katika nchi tajiri karibu watoto tisa katika kila kumi wenye limfoma hii hupona, ilhali huku kwetu, mahali ambapo tiba yenyewe ilizaliwa, wanaopona ni wachache zaidi kwa mbali. Dawa zilizotumika Mulago ni za zamani na hazimo miongoni mwa zile za bei kubwa. Kinachoua ni kuchelewa, uhaba wa vipimo na wazazi kukatiza tiba kwa kukosa nauli na chakula wakiwa mbali na nyumbani.

Wengi hufika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu wameizoea kwa jina la Russia, baada ya mtoto kung'olewa meno mara mbili au tatu, au baada ya kupelekwa kwa waganga kwa madai ya kurogwa.

Dalili si ngumu kuzijua. Mtoto wa miaka minne hadi tisa ambaye meno yake ya nyuma yanalegea bila sababu, taya likavimba, jicho likasukumwa nje au tumbo likajaa kwa haraka, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili haumpi mzazi wiki ya kutafakari.